Kapu la Asubuhi: Mwongozo Kamili wa Kuandaa Ajabu, Neno, Chakula na Nasaha ya Kila Siku

Tangu nilipotaja kwamba kila asubuhi huwatumia ndugu zangu kwa simu kapu dogo la ujumbe lenye vitu vinne, yaani ajabu moja ya dunia, neno moja la Kiswahili, chakula kimoja na nasaha moja, wengi mmejaribu kwenye makundi yenu: ya ukoo, ya wazazi wa shule, ya kazini. Na wengi mmeniandikia kwamba mmekwama. Nimeyasoma maelezo yenu na nimeona mnakwama palepale. Siku tatu za kwanza kapu linapendeza. Siku ya nne linachelewa. Siku ya sita mtu anasambaza kitu alichokiokota njiani, na siku ya saba kimya.

Sababu ni moja: mnahangaika kutafuta vitu vinne visivyojuana, kila alfajiri, huku mtoto anatafuta soksi na daladala inapiga honi. Kazi hiyo haiwezekani kwa mwezi mzima. Mwongozo huu unabadili mambo mawili tu. Vitu vyote vinne vitoke kwenye mhimili mmoja, na makapu saba ya wiki yafungwe kwa siku moja. Fuata hatua kwa mpangilio wake.

## Vya kuandaa kabla hujaanza

- Daftari la mistari, kurasa 100 hivi. Simu peke yake haitoshi. Picha ya skrini uliyoihifadhi leo, wiki ijayo imezama chini ya picha za harusi.
- Kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili, ya karatasi au ya kwenye simu.
- Mzee mmoja anayejua methali. Kitabu cha methali kinafaa, ila mzee atakwambia pia methali hiyo husemwa lini na husemwa kwa nani.
- Mhakiki mmoja. Mtu unayemwamini, asiyeona haya kukwambia umekosea. Mwalimu anafaa sana.
- Kikombe cha chai, kijiko cha chakula na jiko. Utaona kwa nini kwenye hatua ya nne.
- Saa moja na nusu ya utulivu kwa wiki. Mimi hukaa Jumapili kuanzia saa kumi jioni, vyombo vikishaoshwa.

## Hatua ya 1: Chagua mhimili mmoja kwa kila kapu

Mhimili ni kitu kimoja ambacho vitu vyote vinne vitaning'inia juu yake. Unaweza kuwa mti, samaki, kiungo au chombo cha jikoni. Msomaji akifika mwisho wa kapu awe amekizunguka kitu hicho pande nne.

Kabla ya kuuandika mhimili kwenye daftari, uulize maswali matatu. Je, unaliwa, unanywewa, au una kazi jikoni? Je, jina lake lina ndugu, yaani maneno mengine yanayotembea nalo? Je, kuna jambo juu yake ambalo hata mtu anayekiona kitu hicho kila siku halijui?

Chukua twiga. Ajabu yake ni nzuri mno: shingo yote ile ndefu ina mifupa saba tu, sawa na shingo yako. Lakini ukifika kwenye chungu huna la kupika. Utalazimika kubandika chapati, na msomaji atakiona kiraka. Twiga mwache.

Sasa chukua mbuyu. Unga wake unaliwa. Jina lake lina ndugu wawili na msemo mmoja wa mtaani. Una siri ambayo watu waliozaliwa chini yake hawaijui. Na juu ya hayo yote una methali inayojulikana kote. Mbuyu unapita.

Angalizo: usichague mhimili mpana kama "bahari" au "Afrika". Mhimili mpana unakupa mambo mengi yasiyoshikana. Badala ya bahari chagua pweza. Badala ya viungo chagua karafuu.

Utajua umefaulu ukiweza kutaja vitu vyote vinne vya mhimili wako bila kufungua simu, hata kama viwili kati yake bado huna uhakika navyo.

## Hatua ya 2: Tafuta ajabu, kisha uichuje mara tatu

Ajabu bora ni ile iliyo ndani ya kitu ambacho msomaji amekigusa leo. Habari za pete za sayari ya Zohali zinapendeza, lakini mama anayenunua pweza sokoni atashtuka zaidi ukimwambia kwamba mnyama aliyeko kwenye beseni ana mioyo mitatu na damu yake ni ya buluu. Atamtazama upya. Hilo ndilo unalolitaka.

Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo makapu mengi yanapopoteza heshima. Kitu kikiwa kitamu kusimulia, watu hukisambaza hata kama ni cha uongo. Kila ajabu ipite kwenye vichujio vitatu.

Kichujio cha kwanza ni mwaka. Niliwahi kuwatumia ndugu zangu kwamba Malkia Victoria wa Uingereza alimpa mjukuu wake, Kaiser (mfalme mkuu) Wilhelm wa Ujerumani, Mlima Kilimanjaro kuwa zawadi ya kuzaliwa, na ndiyo maana mpaka wa Kenya na Tanzania umepinda pale. Nilikuwa nimeisikia tangu utotoni. Mjomba wangu, mwalimu mstaafu wa historia, alinipigia simu kabla sijamaliza chai. "Mpwa wangu," akasema, "hebu tazama miaka." Nikatazama. Waingereza na Wajerumani walikubaliana kugawana eneo hilo mwaka 1886, wakachora mstari kutoka mlango wa Mto Umba hadi Ziwa Victoria, ukizunguka kaskazini mwa Kilimanjaro. Wilhelm alitawazwa kuwa Kaiser mwaka 1888. Mwaka mstari ulipochorwa, mjukuu huyo alikuwa bado hajawa Kaiser wa kupewa chochote. Siku ile niliwaandikia ndugu wote kusahihisha, na tangu hapo kila ajabu yenye mtu ndani yake naiandikia miaka pembeni kwanza.

Kichujio cha pili ni tarakimu. Vita vya Waingereza na Zanzibar vya tarehe 27 Agosti 1896 vinatajwa kuwa vifupi kuliko vyote duniani. Ukitafuta vilidumu muda gani utakutana na dakika 38, mahali pengine 40, pengine 45. Usichague tarakimu unayoipenda. Andika lile ambalo wote wanakubaliana: havikufika saa moja. Kapu halipungui utamu hata chembe, na hakuna atakayekukamata.

Kichujio cha tatu ni "nani aliona?" Mbuni hafukii kichwa mchangani. Binadamu hatumii asilimia 10 tu ya ubongo wake. Ukuta wa China hauonekani kwa macho kutoka mwezini. Madai ya kinyume cha haya matatu yanazunguka kila kundi, na yote yanaanguka ukiuliza tu nani aliyeyashuhudia au kuyapima. Jambo likikosa jibu hapa, likate.

Ikishapita vichujio, mtumie mhakiki wako kwa sentensi moja. Akisema "sijui", inatosha kuiweka pembeni wiki hii.

Angalizo kubwa: tiba hazikai kwenye kapu. "Tangawizi huponya kisukari", "maji ya ndimu huyeyusha mafuta", zote ziache nje. Yuko mtu kwenye kundi lako anayetumia dawa kila siku, na anakuamini.

## Hatua ya 3: Chimba neno na ndugu zake

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuokota neno gumu kutoka kamusini kwa sababu ni gumu. Watu husoma, hushangaa, husahau. Neno linalokaa ni lile lenye familia, kwa sababu msomaji tayari anamjua ndugu mmoja.

Mfano ambao haujawahi kuniangusha ni nazi. Watoto wengi wa mjini wanajua maneno mawili tu, dafu na nazi. Lakini mnazi una hatua kama za binadamu. Kinachoanza ni kidaka, kikikua kidogo ni kitale, kisha dafu lenye maji matamu, kisha koroma ambalo nyama imekaza lakini halijakomaa, ndipo nazi. Ukiifua, makumbi yanabaki pembeni. Ukiivunja unapata kifuu. Ukiikuna na kuikamua, tui linakwenda chunguni na chicha inabaki mkononi. Ukiianika nyama yake unapata mbata. Na chombo unachokalia kukuna kinaitwa mbuzi, jambo linalowafurahisha watoto kila mara: mbuzi asiyekula majani wala kulia, ila ana meno.

Siku niliyotuma orodha hiyo, shangazi yangu wa Tanga alituma sauti ya dakika nne akieleza jinsi walivyokuwa wakitumia vifuu kupakulia. Nililifikisha kapu lile kwa sentensi tano, yeye akaongeza kitabu kizima.

Liandike neno hivi: neno lenyewe, maana kwa maneno yako (usinakili kamusi), na sentensi moja ambayo mtu angeisema kweli. "Usitupe chicha, wape kuku" ni sentensi. "Chicha ni muhimu katika jamii" haiwezi kumkaa mtu kichwani.

Mtagusa pia asili ya maneno, na watu wanaipenda sana. Meza na bendera zimetoka kwa Wareno, shule imetoka kwa Wajerumani, gari na chapati zimetoka Bara Hindi, kahawa na sufuria kwa Waarabu. Lakini hapa shika kamusi mkononi. Maneno mawili kufanana sauti si ushahidi kwamba moja limezaa lingine.

Angalizo: Kiswahili chako si cha wote. Anachokiita maandazi mtu wa Dodoma, wa Mombasa anaweza kutaka kujua kwanza kama kina nazi na iliki, maana chenye hivyo kwake ni mahamri. Usiandike "jina sahihi ni hili". Andika "kwetu huitwa hivi", kisha uliza kwao wanaitaje. Swali hilo moja huleta majibu mengi kuliko lingine lolote ninalolijua.

Utajua umefaulu neno likirudi kwenye kundi baada ya siku kadhaa, mtu akilitumia bila kukumbushwa.

## Hatua ya 4: Pika kabla hujaandika

Chakula cha kapu kina masharti matatu: maelezo yasizidi mistari mitano, vitu vyake vipatikane genge la karibu, na wewe mwenyewe uwe umekipika.

Sharti la tatu ndilo mnaloliruka, nalo ndilo linalowaponza. Maelezo ya mapishi yaliyonakiliwa huwa na shimo mahali fulani. Utalijua shimo hilo ukiwa umesimama mbele ya jiko, na msomaji wako naye atalijua hivyohivyo, ila yeye atakuwa ameshaharibu sukari yake.

Nikupe mfano wa juisi ya ubuyu. Maelezo niliyokuwa nayo yalisema "chemsha ubuyu kisha chuja". Nilipojaribu, uji ule ulikuwa mzito hata haukupita kwenye chujio, na ule uchachu mzuri ulipungua. Nikarudia kwa maji ya vuguvugu bila kuweka motoni. Vikombe 2 vya ubuyu wenye kokwa, vikombe 4 vya maji, nusu saa. Nikavuruga kwa mwiko wa mbao, polepole, mpaka unga mweupe ukaachana na kokwa zikabaki nyeusi zinang'aa. Hapo ndipo ikachujika. Vijiko 4 vya sukari vilitutosha, na aliyependa uchachu alitia 2. Ubuyu una vitamini C nyingi na moto huipunguza, kwa hiyo njia isiyo na moto ina faida mbili.

Ile alama ya kokwa kung'aa ndiyo roho ya maelezo yote. Kila chakula kina alama yake: kitunguu kinapoanza kuwa na rangi ya dhahabu, tui linapoacha kuchemka juujuu na kuanza kutoa mafuta, kashata inapoanza kuachana na sufuria. Itafute alama hiyo ukiwa jikoni na uiandike. Dakika hutofautiana kati ya mkaa na gesi, lakini alama haibadiliki.

Tumia vipimo vya nyumbani. Kikombe cha chai, kijiko cha chakula, fungu, kibaba. Gramu zinamfaa mwenye mizani.

Maangalizo ya usalama, usiyapuuze:

- Muhogo mchungu na kisamvu vina sumu inayotolewa kwa kumenya, kutwanga, kuloweka na kupika vizuri. Ukiandika kisamvu, andika wazi kwamba kitwangwe na kichemshwe hadi kiive kabisa.
- Asali haipewi mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Kila kapu la asali liwe na mstari huo.
- Uyoga wa porini usiuguse kabisa. Picha haitoshi kutofautisha unaolika na unaoua.

Na moja la adabu. Ramadhani, kapu lenye chakula halitumwi asubuhi. Lisogeze hadi alasiri, watu wanapoanza kuwaza futari, nalo litapokelewa kwa mikono miwili. Wenye Kwaresima nao wakumbuke, usiwawekee nyama.

## Hatua ya 5: Nasaha fupi, yenye mwenyewe

Nasaha ni sentensi moja au mbili. Ikizidi hapo imekuwa hotuba, na watu wako wanakwenda kazini.

Jihadhari na nukuu. Maneno mengi yanayosambazwa na picha ya Mwalimu Nyerere au Mandela pembeni hayana mahali yaliposemwa wala siku. Usimtie marehemu maneno mdomoni. Una njia mbili safi zaidi.

Ya kwanza ni methali. Methali ni ya kila mtu, haina wa kusingiziwa. Ila usiitupe peke yake kama jiwe. Iwekee mtu: "Haba na haba hujaza kibaba. Hii ni kwa wewe uliyeweka shilingi 500 jana ukaona ni bure." Mtu mmoja kwenye kundi atajua ni yeye.

Ya pili ni tendo la kweli. Tarehe 20 Oktoba 1968, kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, Mtanzania John Stephen Akhwari alianguka na kuumia goti. Aliendelea, amefungwa bandeji, akiingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, kumaliza. Aliuvuka mstari wa mwisho akiwa wa mwisho kabisa. Ukiisimulia hivyo, kwa mambo yaliyotokea tu, haihitaji "kwa hiyo tusikate tamaa". Msomaji ameshafika huko mwenyewe.

Angalizo: kundi likipata msiba, kapu linapumzika. Usitume chemshabongo juu ya taarifa ya kifo. Toa pole, subiri mazishi yapite, kisha rudi kwa kapu tulivu lisilo na mzaha.

## Hatua ya 6: Lifume kapu lisomeke kwa pumzi moja

Mpangilio wangu ni ajabu, neno, chungu, nasaha, kisha swali. Ajabu inafungua macho, neno linapumzisha, chungu kinampa mtu kazi ya mikono, nasaha inamsindikiza mlangoni, na swali linamwachia nafasi ya kusema. Maneno yote yasizidi 130. Hili hapa lote, kama lilivyotumwa:

> KAPU LA LEO: MBUYU
>
> Ajabu. Ua la mbuyu hufunguka jua likizama. Ni jeupe, kubwa, linaning'inia kichwa chini, na popo hulitembelea usiku. Kesho yake limenyauka. Ndiyo maana umekaa chini ya mbuyu miaka yote hujaliona.
>
> Neno. Mbuyu ni mti. Buyu ni tunda lake, na kifuu chake huwa chombo. Ubuyu ni ule unga chachu wenye kokwa. Na "kuzunguka mbuyu"? Kutoa hongo.
>
> Chungu. Ubuyu vikombe 2, maji ya vuguvugu vikombe 4, loweka nusu saa. Vuruga kwa mwiko mpaka kokwa zing'ae. Chuja, tia sukari, weka baridi.
>
> Nasaha. Hata mbuyu ulianza kama mchicha. Mwenye meza moja ya nyanya asome tena.
>
> Swali. Kwenu ubuyu mnautia nini?

Lisome kwa sauti kabla ya kulihifadhi. Mahali ulimi unapojikwaa, vunja sentensi. Mahali unapochoka, kata.

## Hatua ya 7: Funga makapu saba Jumapili

Hii ndiyo hatua inayookoa. Gawa saa moja na nusu hivi: dakika 10 kuchagua mihimili saba kutoka orodha iliyoko nyuma ya daftari, dakika 40 kujaza vitu vinne kwa kila mmoja, kwa maneno mafupi, dakika 20 kuchuja ajabu na kumtumia mhakiki, dakika 20 kuandika sawasawa.

Mapishi hayamo humo kwa sababu huyapiki siku hiyo. Unapika katika wiki, kwenye mlo wa kawaida wa nyumbani, na chakula ulichopika wiki hii kinaingia kwenye makapu ya wiki ijayo. Hupiki mara mbili wala hununui kitu cha ziada.

Wiki mbili za kwanza andika makapu nane badala ya saba. Yale mawili ya ziada ni akiba, ya siku unayougua, umeme umekatika au umesafiri. Ukitumia akiba, irudishe Jumapili inayofuata kabla ya kitu kingine.

Orodha ya mihimili ikue yenyewe. Nyuma ya daftari acha kurasa tano tupu, na kila unapoona kitu sokoni, shambani au kwa jirani, kiandike jina tu.

## Hatua ya 8: Tuma, kisha nyamaza

Chagua saa moja na usiibadilishe. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi inafaa kwa wengi. Ukiweka picha iwe moja, ndogo, maana bando la wenzako ni hela yao. Kwa wazee ambao macho yamechoka, soma kapu kwa ujumbe wa sauti. Kwetu Bibi ndiye wa kwanza kujibu kila siku kwa sababu hiyo.

Baada ya kutuma, nyamaza hadi mchana. Ukianza kusukuma watu wajibu, kapu linageuka deni. Wengi watasoma bila kusema neno, nao ni wasomaji.

Akitokea wa kusahihisha, shukuru hadharani na usahihishe siku ileile, kwenye ujumbe mpya ambao wote watauona.

## Wiki ya kwanza, tayari kwa kuanzia

Jumatatu, mbuyu. Unalo hapo juu.

Jumanne, karafuu. Ajabu: tunachotia kwenye pilau ni tumba la ua, huchumwa kabla halijachanua, na likishachanua thamani yake hushuka. Neno: makonyo, vile vijiti vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa. Chungu: chai ya maziwa yenye karafuu 3, iliki na tangawizi. Nasaha: mchumia juani hulia kivulini.

Jumatano, ndizi. Ajabu: mgomba si mti. Shina lake ni maganda ya majani yaliyokumbatiana, na kila shina huzaa mara moja tu. Neno: mkungu ni wote, chana ni safu moja. Chungu: ndizi mbivu kwa tui na iliki, mpaka tui liwe zito na kushika mwiko. Nasaha: andika juu ya machipukizi ambayo mgomba huyaacha.

Alhamisi, dagaa. Ajabu: Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, na ziwa pekee linalolizidi duniani ni Baikal la Urusi. Dagaa wake huvuliwa usiku wa giza kwa kuvutwa na mwanga. Neno: karabai, ile taa ya mwanga mkali ya wavuvi. Chungu: dagaa wa kukaanga na nyanya na ndimu, ondoa vichwa kwanza. Nasaha: haba na haba hujaza kibaba.

Ijumaa, nazi. Maneno yake umeshayapata, chagua matano. Chungu: wali wa nazi, tui jepesi kwanza, tui zito mwisho.

Jumamosi, asali. Ajabu: yuko ndege aitwaye kiongozi, anayewaita watu kwa sauti hadi kwenye mzinga wa porini, na Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi humfuata hadi leo. Neno: mzinga, wa nyuki, wa vita, na ule wa "kupigwa mzinga" na rafiki mwishoni mwa mwezi. Chungu: viazi vitamu vya kuchoma na asali, pamoja na ule mstari wa watoto wachanga. Nasaha: fuata nyuki ule asali.

Jumapili, kahawa. Ajabu: Kagera kahawa hutafunwa pia, ikichemshwa na viungo na kukaushwa ingali na ganda. Neno: dele, lile birika la shaba la muuza kahawa. Chungu: kashata za nazi, zitoe motoni zinapoanza kuachana na sufuria, na uzikate zingali na joto, zikipoa zitavunjika ovyo. Nasaha: haraka haraka haina baraka. Swali: nani alikufundisha kunywa kahawa ya kibarazani, na mlikuwa mmekaa wapi?